Zege halikauki, linashika: swali la ua kutoka Mayungu

SWALI: Fundi, assalaam aleykum. Nina kiwanja Mayungu, nimekizungushia seng'enge nyuzi tano. Kona nne ni mabomba ya chuma yaliyomwagiwa zege, katikati ni nguzo za mvinje. Fundi wangu alimwaga zege asubuhi, akatia chumvi ili likauke upesi, na jioni yake akavuta waya kwa sababu zege lilikuwa gumu kama jiwe. Hii ni wiki ya tatu, kona mbili zimeinama kwa ndani na waya umelegea. Ananiambia tuongeze simiti juu, kuzunguka bomba. Nikubali?

JIBU: Wa aleykum salaam, mama. Usikubali. Usiongeze hata karai moja.

"Lilikuwa gumu kama jiwe." Maneno haya nayasikia kila wiki, kuanzia Watamu mpaka Gongoni, na kila nikiyasikia najua kuna kazi itakayovunjwa. Nguo hukauka kwenye kamba. Samaki hukaushwa. Zege halikauki, linashika, na linashika kwa sababu lina maji, si kwa sababu maji yametoka. Simiti huyanywa maji yale, na humo ndimo zinamoota chembe ngumu zinazofunga mchanga na kokoto pamoja. Maji yakiibiwa na jua kabla ya kazi hiyo kwisha, kazi inasimama pale ilipofika. Ndiyo maana zege humwagwa hata chini ya maji, kwenye misingi ya madaraja, na likashika vizuri kabisa.

Wazee wetu walijenga kwa chokaa ya matumbawe, na chokaa hiyo hukomaa kwa kunywa hewa, pole pole, kwa miaka. Kuta za magofu ya Gede zilijengwa hivyo. Huenda neno hili la kukauka tulilirithi huko. Lakini simiti si chokaa, na fundi anayeishika kila siku hana udhuru wa kutolijua hilo.

Tena mfuko wenyewe unamwambia. Tazama ile namba iliyoandikwa kwenye mfuko wa kilo 50: 32.5, au 42.5. Watu wengi hudhani ni aina tu, kama namba ya kiatu. Hiyo ni nguvu ya simiti, kwa niutoni (kipimo cha nguvu ya msukumo) kwa kila milimita ya mraba, inayotakiwa ifikiwe siku ya 28. Siku ya 28, mama. Kwa 32.5 yenye herufi N, yaani inayopata nguvu kwa mwendo wa kawaida, kiwango rasmi cha simiti kinataka angalau 16 siku ya saba, yaani kama nusu. Jioni ya siku ya kwanza hakuna nguvu yoyote ambayo kiwango kinaidai, kwa sababu hakuna mtu mwenye akili anayetarajia kulibebesha mzigo saa hizo. Fundi wako alilibebesha nyuzi tano za seng'enge.

Na kona haivutwi upande mmoja. Inavutwa na pande mbili kwa pamoja, zote kuelekea ndani, na waya wa juu unavuta kutoka kimo cha kifua. Umeng'oa muhogo? Huuvuti tu ukatoka. Unashika shina juu, unalitikisa huku na huku mpaka udongo uachie, ndipo unavuta. Kukaza waya kwenye zege bichi ni kufanya vivyo hivyo: bomba linacheza kidogo tu, zege linaloanza kulikumbatia linaachia, na likishaachia halirudi kukumbatia tena. Mwezi uliopita nilipiga magoti kando ya nguzo kama yako. Nikaitikisa kwa mkono mmoja, nikaona mwanya mwembamba umelizunguka bomba lote, shilingi ingepita kwa ubavu. Nikakwaruza zege kwa msumari wa nchi nne. Ukatoka unga mweupe, ukapeperushwa na upepo. Juu palikakamaa kwa jua, na ugumu ule ndio uliomdanganya mwenye kazi.

Sasa ukiongeza simiti juu, unalivika bomba kofia. Chini bado linacheza, na kati ya zege jipya na la zamani maji ya masika yatapata pa kukaa.

Legeza waya kwenye kona zote nne, si mbili zilizoinama tu, maana hizo nyingine zilimwagwa siku moja na mtu mmoja. Chimbua, vunja zege, safisha bomba. Ukikuta kutu imeshakula usawa wa ardhi, badilisha. Shimo liende chini sentimita 75, upana 40, na pembeni ya kila kona uweke mategemeo mawili ya mshazari, moja kwa kila mstari wa waya, kila moja na msingi wake. Zege karai moja ya simiti, mbili za mchanga, nne za kokoto, lichanganywe likiwa kavu mpaka liwe rangi moja, ndipo maji, na liwe zito kama ugali, si uji. Simamisha bomba kwa pima maji, lifunge kwa mbao lisicheze. Zege likianza kushika, lifunike kwa gunia lililolowa, umwagilie asubuhi na jioni siku saba. Waya usiuguse kabla ya wiki mbili. Ukiweza kufika siku ya 28, bora zaidi. Siku hizo hazipotei bure: kagua nguzo za katikati, na ile isiyotikisika iache ilivyo.

Chumvi ndiyo iliyoniudhi zaidi. Ni kweli inaweza kuharakisha zege kidogo, lakini inakula chuma, na bomba lako liko karibu na bahari ambako hewa peke yake inatosha kulila. Kwa sababu hiyo hiyo usitumie mchanga wa ufukweni, wala maji ya kisima cha chumvi. Yaonje. Yasiyonyweka usiyatie kwenye zege. Wengine siku hizi wanatia sukari, wakisema inaimarisha, na hao ni hatari kuliko wa chumvi: sukari kidogo tu huchelewesha simiti kushika, na ikizidi inaweza isishike kabisa. Wengine zege likianza kuwa zito karaini wanalitia maji ili lilainike tena, na kila kikombe wanachoongeza kinapunguza nguvu yake.

Ua ukianguka, mbuzi wataingia. Lakini mafundi hawa hawa ndio wanaoondoa mbao chini ya slabu siku ya tano kwa sababu "limeshakauka", na ndio wanaomwaga mfuniko wa shimo la choo Alhamisi, Jumamosi gari la maji likapandishwa juu yake. Nimelisimamisha gari kama hilo mimi mwenyewe, Muyeye, gurudumu la mbele likiwa limebakiza hatua mbili kufika, na watoto wanacheza pembeni. Dereva alikasirika. Mwenye nyumba naye alinionyesha kwa kuligonga zege kwa kisigino: "Si unasikia, fundi, limekauka." Likigongwa kwa kisigino litalia hivyo hata siku ya pili. Anayeishi chini ya slabu au anayepita juu ya mfuniko ahesabu siku tangu lilipomwagwa, na aulize lilimwagiliwa mara ngapi.

Ukishachimbua kona zako, nitumie picha ya mashimo kabla hujamwaga, nione kina chake.