Picha za makinda ya mnandi zimetoka na ukungu

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mwalimu, mkaaji wa mtaa wa Himbi hapa Goma. Wakati wa likizo tulikodi kanoti ndogo tukaelekea upande wa Idjwi, kisiwa kikubwa cha Ziwa Kivu, na kando ya kisiwa kimoja tukakuta mti uliojaa viota vya mnandi, ndege mweusi wa majini anayevua samaki, wenye makinda. Nilipiga picha zaidi ya 200 kwa lenzi ya kuvuta mbali ya milimita 300, lakini karibu zote zina ukungu, na zile chache zilizo safi zinaonyesha viota visivyo na mzazi hata mmoja. Je, ninunue lenzi kubwa zaidi?

JIBU: Ndugu Mwalimu, tunza fedha zako kwanza. Lenzi kubwa ndani ya kanoti hukuza mtikisiko kama inavyomkuza ndege, kwa hiyo ukungu ungeongezeka. Weka kasi ya shata (kilango cha kamera kinachofunguka kupitisha mwanga) isiyopungua 1/1000 ya sekunde, na 1/2000 kwa ndege anayeruka, hata ikikubidi kupandisha ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, hadi 1600; picha yenye chengachenga kidogo husameheka, iliyotikisika haisameheki. Usiegemeze viwiko kwenye ukingo wa kanoti, kwa sababu mtetemo wa injini hupitia humo hadi mikononi, vibane mbavuni. Na kwa kuwa mnandi ni mweusi na anga nyuma yake inang'aa, ongeza mwanga hatua moja, la sivyo utarudi na vivuli vitupu.

Viota visivyo na wazazi ndivyo vilivyonishughulisha zaidi katika barua yako, kwa maana inaelekea ninyi ndio mliowafukuza. Kinda la mnandi huanguliwa likiwa uchi kabisa, bila unyoya hata mmoja, na katika siku zake za kwanza mzazi ndiye anayelikinga na jua kwa mwili na mbawa zake. Mzazi akiruka kwa hofu, jua hulichoma, na mwewe au kunguru aliyekuwa akingojea hupata nafasi yake. Makinda makubwa nayo huweza kujitupa majini kabla hayajajua kuruka. Kwa hiyo mwombe nahodha azime injini mapema, msogee polepole kwa kasia, na macho yako yawe kwa ndege kabla ya kuwa kwenye kamera: shingo zikinyooka zote kwa pamoja, au ndege wakianza kusogea kwenye ncha za matawi, mmefika mbali mno, rudini nyuma. Mimi mwenyewe siukaribii mti wa viota chini ya mita 50, na picha huikata baadaye nyumbani.

Subira hiyo ina malipo. Baada ya nusu saa ya utulivu mzazi hurudi kutoka kuvua, na kinda huingiza kichwa chote ndani ya koo lake kuchukua samaki, pengine sambaza wale wale walioletwa Kivu kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950. Picha hiyo hakuna lenzi inayoweza kuinunua.

Kuhusu saa, asubuhi kabla upepo haujainuka ndiyo bora, lakini jua hutokea upande wa Rwanda, hivyo mti wenye mwanga mzuri ni ule ulio pwani ya mashariki ya Idjwi, ambako mpaka hupita majini. Injini ikizimwa huko, nahodha asiache kanoti ichukuliwe na maji. Pwani ya magharibi iendeeni alasiri, mkiridhika na mawimbi.

Kamera nayo ikae mkobani mpaka mmetoka bandarini. Kupiga picha bandarini au penye askari huleta maneno marefu, na siku nzima ya ndege hupotelea hapo.