Helen Keller, yule mwandishi Mmarekani aliyekuwa kiziwi na kipofu, alikuwa anaongea kwa mdomo?

Ndiyo, tena jukwaani. Alifundishwa kutamka mwaka 1890 huko Boston, Marekani, na Sarah Fuller, mwalimu wa viziwi, masomo 11 tu, kisha akaendelea na mwalimu wake Anne Sullivan. Ila matamshi hayakuwahi kunyooka. Wageni walimwelewa kwa shida, ndiyo maana kwenye mihadhara Sullivan, na baadaye msaidizi wake Polly Thomson, alikuwa akiwarudilia watu alichosema Helen.

"Kusikiliza" ndiko kulikofanywa kwa mkono: kidole gumba kooni mwa msemaji, cha shahada midomoni, cha kati puani. Vyote vitatu vina kazi. Ukitamka p, b au m midomo inafumba vilevile. Koo likitetema basi si p, na pua nayo ikitetema ni m. Msemaji akiwa na haraka, au akimung'unya, inakwama. Kwa hiyo mazungumzo ya kila siku yalienda zaidi kwa herufi za vidole, yaani alama za mkono alizofanyiwa kiganjani, na kusoma kwa Braille, maandishi ya nukta za kupapasa.

Halafu hakuzaliwa kiziwi wala kipofu. Aliugua akiwa na miezi 19.