Serikali inabana matumizi, na wewe unataka kukopa kwa LPO?

Mkuu, rudisha hiyo hati ya nyumba kabatini. Mengine baadaye.

Umeuliza kubana matumizi ni nini, kunaathirije ajira, bei na deni la taifa, halafu mwishoni ukapenyeza kwamba una LPO (hati ya serikali ya kuagiza huduma) ya kulisha semina za idara fulani na benki imekubali kukukopesha kwa dhamana ya nyumba yako. Hapo presha ikanipanda.

Matumizi ya serikali ni kipato cha mtu. Semina ikifutwa, haumii bosi wa posho peke yake. Anaumia mwenye ukumbi, bodaboda, muuza vitumbua na sisi wapishi. Morogoro tulikuwa tunaishi kwa semina. Rais Magufuli alipofuta sherehe za Uhuru za Desemba 2015, shilingi bilioni 4 zikaenda kupanua barabara ya Mwenge–Morocco kule Dar es Salaam, nilipiga vigelegele. Kumbe nashangilia bao la kujifunga. Safari za nje nazo zilizuiwa, na mikutano ya mahotelini pia. Hoteli nyingine ziligeuzwa hosteli za wanafunzi.

Mimi nilikuwa nimeshakopa. Afisa mikopo, kijana wa tai na manukato, aliniambia, "Mama, serikali haifilisiki." Kweli, haikufilisika. Nilifilisika mimi. Nilinunua friza na vyombo vya bafee, nikalisha watu wakashiba, nikakata risiti ya EFD (mashine ya kodi), TRA, watu wa mapato, wakataka chao. Malipo yangu? "Yanahakikiwa." Uhasibu wananiambia faili liko kwa mkaguzi wa ndani, mkaguzi naye yuko safari (si zilifutwa jamani?). Riba haisubiri uhakiki, inakatwa tarehe ileile. Sufuria langu kubwa sasa liko kwa jirani, anapikia makande na kunisalimia bila haya.

Na benki usitegemee huruma. Mwanzoni mwa 2016 mashirika ya umma yaliamriwa kuhamishia fedha zao Benki Kuu (BoT), mabenki yakakaukiwa, wakaanza kutukaba sisi. Machi 2017 BoT ilishusha riba inayoyatoza mabenki kutoka asilimia 16 hadi 12, Agosti ikawa 9. Yangu haikusogea. Takwimu zilisema uchumi unakua kwa karibu asilimia 7, na sibishi: fedha zilikwenda kwenye ndege na reli, na ndege haili pilau.

Sasa shika hili: usikope kwa LPO mpaka ujue kasma yake, yaani kifungu chake cha bajeti, imeshapokea fedha kutoka Hazina. Bajeti kupitishwa bungeni ni makadirio tu. Fedha zenyewe hutoka kidogo kidogo, na vyuma vikikaza semina ndiyo ya kwanza kunyimwa. Usimuulize aliyekusainia. Nenda kwa mhasibu: "Fedha za kifungu hiki zimeingia?" Akiangalia dari, aga uondoke. Akisema zimeingia, omba malipo ya awali, pika semina moja, dai, ulipwe, ndipo uwashe jiko la pili.

Wakikataa malipo ya awali, mwambie huyo afisa mikopo wako aweke hati ya nyumba yake.