Aliyemnunua Kiberiti

Mhariri,

Swali lenu la wiki hii, "Je, umewahi kumwokoa mnyama? Ulijisikiaje?", limenikuta kwenye foleni ya feri hapa Likoni, nikaguna kwa sauti mpaka mama aliyekuwa mbele yangu na kapu la samaki akageuka kuniangalia. Swali lenyewe halina ubaya. Kilichoniudhi ni hilo "ulijisikiaje". Mwokoaji anaulizwa habari za moyo wake, mnyama haulizwi habari za tumbo lake. Mniwie radhi basi, sitajibu mlichouliza. Nitawaeleza yaliyompata punda mmoja wa Lamu baada ya kuokolewa, kisha ninyi mseme kama aliokolewa.

Zile video za simu siziongelei. Kitoto cha mbwa ndani ya mtaro, kinanda kinalia, mkono unashuka kutoka juu. Aliyewahi kumshika mbwa aliyeumia anajua kwamba hubaki na mkono wa kushikia kamera. YouTube wenyewe mwaka 2021 walilazimika kutangaza kwamba hawataki uokoaji wa maigizo, ule wa kumtia mnyama hatarini makusudi ili aonekane akitolewa. Hao ni matapeli, tuwaache. Mimi wanaonisumbua ni wenye nia njema.

Ilikuwa 2003, nina miaka 14. Ami yangu wa Langoni, mtaa wa mji wa Lamu, alikuwa na punda wawili, Kiberiti na Mwali, nami nikitoka shule nilikuwa mpakiaji wake. Kazi ilikuwa kubeba mchanga na mawe kutoka majahazini hadi kwenye nyumba zinazojengwa. Aliyefika Lamu anajua: gari mjini halipiti, na vichochoro vyenyewe watu wawili wanene hawapishani. Zile nyumba nzuri mnazoziona kwenye picha zimepanda mgongoni mwa punda, jiwe kwa jiwe.

Kiberiti alikuwa na kidonda juu ya mabega, upana wa kiganja changu. Chini ya shogi, lile tandiko la kubebea mizigo, yafaa kuwekwa kitu laini cha pamba. Ami aliweka gunia la nailoni, lile la sukari, na nailoni hainywi jasho, inasugua tu. Nisimsingizie, alimpeleka hospitali ya punda. Ile iliyofunguliwa pale mbele ya bahari mwaka 1987 na The Donkey Sanctuary ya Uingereza, matibabu bure. Wakasafisha kidonda, wakapaka dawa, wakamwambia neno moja: apumzike.

Ami akajibu, "Akipumzika yeye, kwangu kutapikwa nini?"

Punda afe, mzigo wa bwana ufike. Methali hiyo watu huitoa wakicheka, na kila anayeitoa hujiona yumo upande wa punda. Bwana wa mzigo alikuwa mkandarasi. Ami alikuwa karibu zaidi na punda kuliko na bwana. Asubuhi kidonda kikipakwa dawa, alasiri shogi linarudi juu yake, na aliyekuwa akilirudisha ni mimi.

Basi akatokea dada mmoja mgeni, Mzungu, amepanga nyumba Shela, kijiji cha jirani. Akakutana nasi kichochoroni, akakiona kidonda, akalia palepale, machozi ya kweli. Akauliza bei ya punda. Ami akataja mara tatu ya bei ya soko, ili apate pa kushukia. Yule dada hakushusha hata senti. Jioni ile Kiberiti akatembezwa ufukweni kwenda Shela bila mzigo, na kwenye baraza yetu watu walicheka wiki nzima.

Wiki ya pili ami alivuka kutoka Mokowe, ng'ambo ya bara, na punda wawili wachanga, hata umri wa kupakiwa hawajatimiza. Hesabu ni hiyo. Pesa iliyomtoa mmoja chini ya shogi iliwaingiza wawili.

Huko Shela nako, Kiberiti alikataa kula. Majani mazuri, pumba, maji safi, na yeye amesimama na masikio yameanguka. Hajawahi kulala siku moja mbali na Mwali. Yule dada alidhani ni uchovu, amwache atulie. Bahati nzuri aliwaita watu wa hospitali, nao wakamweleza jambo ambalo mimi mwenyewe, niliyekua na punda hao, sikulijua: punda akiacha kula usingoje kesho. Mafuta ya mwili wake humwagika kwenye damu, ini likashindwa, naye anakufa huku ukidhani amenuna. Dawa ya kwanza ilikuwa mwenzake. Wakaja kumwomba ami amwazime Mwali. Ami akamkodisha, kwa siku, kwa malipo! Baadaye wakampatia punda mzee wa jirani, ndipo akaendelea kula.

Nikifika hapa ndipo huwa nafikiria uokoaji ninaouamini, ambao unachosha hata kuutazama. Daphne Sheldrick, mlezi wa tembo yatima hapa Kenya, alihangaika miaka mingi kabla ya kupata maziwa yanayomfaa ndama wa tembo aliyefiwa na mama, mpaka akafikia kwenye mafuta ya nazi. Hadi leo kwenye kituo alichoanzisha Nairobi watunzaji hulala chumba kimoja na ndama, tena kwa zamu, ili ndama asimng'ang'anie mtu mmoja akafa kwa majonzi siku mtu huyo akienda likizo. Kisha wapelekwe Tsavo, na miaka mingine ipite kabla hawajamwacha binadamu. Watamu nako, mvuvi akinasa kasa wavuni anawapigia simu wahifadhi, na kwa kumtoa salama anapewa malipo kidogo kwa ajili ya muda wake na wavu wake. Tazameni pesa inakokwenda. Hawamnunui kasa. Wanamlipa mvuvi ili asipate hasara kwa kuwa mtu mwema.

Na punda wa Kenya waliookolewa wengi kwa pamoja, waliokolewa na makaratasi. Yale machinjio ya punda ya bara yaliyofunguliwa kuanzia 2016, ngozi zikienda China kutengenezewa dawa, yaliwafanya watu walale na punda wao kwa hofu ya wezi. Serikali ikapiga marufuku 2020, mahakama ikatengua 2021, mpaka Februari 2024 marais wa Umoja wa Afrika wakakubaliana kuzuia kwa miaka 15 uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi. Hakuna aliyepiga picha akikumbatia azimio.

Nirudi Shela. Yule dada alikaa wiki chache, akarudi kwao, akamwachia mlinzi wa nyumba pesa za chakula. Mlinzi hakuwa mwizi. Pesa ziliisha, naye akafanya ambalo ningelifanya mimi: akamfungua kamba ajitafutie. Mawe ya mjini husugua kwato, mchanga wa Shela hausugui, kwa hiyo kwato za Kiberiti zikarefuka zikapinda mbele. Akazoea jalalani. Hiyo ni kabla ya 2017, mifuko ya plastiki ilikuwa haijapigwa marufuku, na mfuko uliobeba urojo una harufu ya chakula kwa punda yeyote.

Mwezi wa nne tangu anunuliwe, usiku, mlinzi akatuma mtoto kwetu: punda wenu anakufa. "Wenu", alisema. Tukaenda kwa miguu, maji ya bahari yamekupwa, ami mbele na tochi. Tulimkuta amelala, anajigaragaza, anageuza shingo kuliangalia tumbo lake, jasho limemtota. Punda hawezi kutapika. Kilichoingia kina njia moja tu ya kutokea. Akaja mtu wa hospitali na mpira mrefu, akaupitisha puani taratibu, akaupuliza na kuunusa kuhakikisha uko tumboni wala si kwenye mapafu, ndipo akamimina mafuta. Mimi kazi yangu kushika kichwa. Tukamsimamisha, tukamtembeza, akalala, tukamsimamisha tena. Ami hakusema neno tangu saa sita mpaka adhana ya alfajiri. Kulipopambazuka akanya, na ndani ya mavi mlikuwa na utepe wa plastiki ya buluu, mrefu kuliko mkono wangu.

Nikamshika mgongo nimtulize. Na hapa barua hii inanigeuka, maana nimekaa kuiandika ili niseme yule dada aliharibu kila kitu. Mgongo ulikuwa umefunga. Pale palipokuwa na kidonda palikuwa pakavu, pagumu, na manyoya yameota, meupe. Miezi minne bila shogi. Hospitali ya punda isingempa miezi minne, ilimpa dawa na ushauri. Ami asingempa siku nne. Mimi nilikuwa nampakia. Aliyempa ni yule mjinga aliyelipa mara tatu.

Kwa hiyo aliokolewa? Mgongo, ndiyo. Kwa bahati, na kwa gharama ya wawili wengine ambao sikuwahi hata kuwapa majina. Bado nasema msinunue mnyama anayeteswa, maana muuzaji atarudi sokoni. Ila nimejaribu kufikiria njia safi, mathalani kumlipa ami ili Kiberiti apumzike, na namjua ami yangu: angechukua pesa na kumpakia usiku.

Kiberiti alirudi Langoni bila mtu kudai wala kulipa. Kwato zikakatwa. Na ami akamshonea mto wa pamba wa kuweka chini ya shogi, kwa mkono wake, yeye asiyeshona kifungo. Kama ni ushauri wa hospitali uliomwingia, au ni ile bei iliyomfunulia kwamba mgongo ule una thamani, hakuwahi kusema. Mimi nadhani ni bei. Wale wawili wachanga wao walishonewa baadaye sana.

Na kama bado mnataka kujua nilijisikiaje: usingizi. Mikono inanuka mafuta, nililala mpaka adhuhuri, na siku hiyo ami alipakia mwenyewe.

Msomaji wenu,
Likoni, Mombasa