Ramani moja, watu wanne, uniti mbalimbali

Swali: Nyumba yetu na ya jirani zimejengwa kwa ramani moja. Kila moja ina watu wanne, friji zinafanana, na hita ya kuogea ya papo kwa papo ni ileile ya kilowati 5.5. Sisi tunamaliza uniti 300 kwa mwezi, wao 170. Fundi amepima nyaya, hakuna umeme unaovuja. Taa zote ni za LED na kila siku nawafokea watoto wazizime. Tunakosea wapi?

Jibu: Taa ziache kwanza, nenda bafuni. Uniti moja ni kilowati moja iliyotumika kwa saa nzima, kwa hiyo kila dakika ya kifaa kikubwa ina uzito wake. Watu wanne wakioga dakika 15 kila mmoja, hita imewaka saa nzima: uniti 5.5 kwa siku, 165 kwa mwezi. Wakioga dakika 5, ni uniti 55 tu. Pengo lenu ni uniti 130, na hapo tayari tumepata 110. Waulize jirani kama hufunga maji wanapojipaka sabuni. Hita ya papo kwa papo huzima yenyewe maji yakifungwa, kwa hiyo kila dakika ya sabuni inaokolewa.

Sasa linganisha: taa ya LED ya wati 9 ikisahaulika saa 10 za usiku inakula uniti 0.09, sawa na dakika moja ya hita hiyo. Watoto wako wanafokewa kwa kosa dogo mno.

Uniti zilizobaki zitafute usiku, wote wakiwa wamelala na mota ya friji imenyamaza. Simama mbele ya mita na uhesabu taa yake ndogo inapepesa mara ngapi kwa dakika 3. Kama mita imeandikwa 1000 imp/kWh (yaani taa hupepesa mara 1000 kwa kila uniti), zidisha idadi hiyo kwa 20 upate wati. (Ikiwa na namba nyingine, zidisha kwa 20,000 kisha gawanya kwa namba hiyo.) Kila wati 10 zinazowaka mfululizo ni uniti 7.2 kwa mwezi. Mara nyingi ni king'amuzi, spika au kompyuta iliyozimwa kwa rimoti lakini bado iko kwenye soketi.

Friji nayo ikague: bana karatasi mlangoni kisha ivute. Ikitoka bila kukaza, mpira umechoka; hewa yenye unyevu inaingia, barafu inajaa, mota haipumziki. Chakula cha moto kipoe kwanza kabla ya kuingia humo.

Soma mita kila siku saa ileile kwa wiki moja kabla ya kubadili chochote. Kisha badilisha jambo moja kwa wiki, kwa kuanzia na muda wa kuoga. Mkibadili yote kwa pamoja hamtajua lipi limepunguza uniti, na mtaishia kujinyima pasipo sababu.