Kabla Hujasema Riwaya Imekutapeli

Wiki hii msomaji mmoja kaniandikia akilalamika. Kamaliza riwaya ya taharuki, ile aina ya watu wanane waliokwama kwenye nyumba ya mlimani theluji ikianguka, na ukurasa wa mwisho umemwacha na hasira. "Nimetapeliwa," anasema. Nikamuuliza swali moja tu: dibaji uliisoma? Akajibu kwamba aliiruka. Ilikuwa kurasa mbili za herufi za mlazo, na haikueleweka anayesema ni nani.

Basi hapo ndipo alipotapeliwa, na aliyemtapeli ni yeye mwenyewe.

Wengi wanaziendea riwaya hizi za taharuki ya kisaikolojia kama kitendawili: tega, nitegue. Sura ya pili haijaisha wameshamshika mhalifu, na kurasa zote zinazobaki wanatafuta ushahidi wa kumtia hatiani. Hilo linafaa kwenye riwaya ya upelelezi. Huku swali kubwa ni nani anayenisimulia, na anataka niamini nini. Mwaka 1961 mhakiki wa Marekani, Wayne Booth, alimpa jina msimulizi wa namna hii: msimulizi asiyeaminika. Siku hizi jina hilo limekuwa pambo la kuuzia vitabu, na watu wanalielewa vibaya. Wanadhani maana yake ni mwongo. Anaweza kuwa mlevi, mfiwa, mtu anayemeza dawa za usingizi, au mtu anayejipenda kupita kiasi, basi. Mwandishi hodari hamtii uongo mdomoni. Anamwachia ukweli, ila anaukata mahali panapomfaa.

Chukua sentensi kama hii: "Sikumgusa dada yangu usiku ule." Isome tena. Hajasema hakumgusa dada yake. Kasema usiku ule. Alfajiri yake je? Na kwa nini "kumgusa", wakati kila mtu nyumbani anazungumzia kusukumwa? Maneno matano, milango miwili imeachwa wazi. Mwenye haraka anapita kwa sababu sentensi inayofuata ina kioo kinachopasuka ghorofani. Kioo hicho kimepasuliwa hapo makusudi. Dalili ya kweli huwekwa jirani na kelele, au huzamishwa katikati ya orodha: koti, funguo, glavu moja, mshumaa. Glavu moja. Nyingine iko wapi?

Kuna jambo linalotuponza sisi hasa. Kiswahili hakitenganishi mwanamume na mwanamke kwenye "yeye" wala kwenye "a-" ya kitenzi, kwa hiyo masikio yetu hayashtuki mwandishi wa Kiingereza anapozungusha maneno kurasa mbili nzima ili asitumie kiwakilishi cha kiume wala cha kike. Msomaji aliyezaliwa na lugha ile huhisi kuna kitu kinakwepwa. Sisi tunaona kawaida. Ukisoma kwa Kiingereza, kila dibaji isiyo na jina itazame viwakilishi vyake. Vikikosekana kabisa, yule muuaji uliyeshamwona ni mwanamume mwondolee jinsia mpaka kitabu kikuambie.

Karatasi moja inatosha, hakuna haja ya daftari. Ikunje katikati upate kurasa nne, uifanye alama ya kitabu. Ya kwanza ni majina, na mbele ya kila jina mahali mtu alipodai alikuwa na nani aliyemwona. Pasipo shahidi acha tupu. Ya pili ni ramani ya mahali: milango, ngazi, gati, chumba kipi kinatazamana na kipi. Ya tatu ni siku na saa, kwa sababu riwaya hizi zinapenda mno mbinu rejeshi, na mwandishi akishakuchanganya kati ya "sasa" na "miezi sita kabla" kazi yake imekwisha. Ya nne ni maswali. Yasizidi saba, likija la nane, futa lililokwishajibiwa. Ukurasa ukikujaa maswali ishirini unaacha kuutazama.

Ramani wengi wanaidharau, na ndiyo yenye faida kubwa riwaya ikiwa ya mahali palipojitenga. Kisiwa, hoteli iliyofunikwa na theluji, nyumba ya msituni yenye barabara moja: mwandishi anapapenda, na si kwa sababu ya giza tu. Anazima simu, anazuia polisi, na anafunga hesabu ya washukiwa. Mwandishi Mwingereza Agatha Christie, katika riwaya yake ya mwaka 1939, alipowapeleka watu kumi kisiwani bila boti ya kurudi nayo, aliweka kiolezo kinachotumika mpaka leo. Hesabu ikishafungwa, kila anayetoka chumbani ni tukio.

Kwa hiyo usiuchukue upweke kama hali ya hewa. Uhoji. Nani alichagua mahali hapa? Nani alijua dhoruba inakuja? Nani alikuwa wa kwanza kusema mtandao umekatika, na kuna mwingine aliyejaribu simu yake mwenyewe? "Boti haitakuja kabla ya Jumatatu" likisemwa na msimulizi ni jambo moja. Likisemwa na mwenyeji mbele ya wageni ni lingine kabisa. Kauli ya mtu mmoja haijawa ukweli wa kitabu. Wasomaji wanaobishana nami kuhusu miisho "isiyowezekana", tisa kati ya kumi walikubali habari ya boti bila kuuliza nani kaileta.

Kasi nayo. Riwaya ya kurasa 300 ni saa sita au saba hivi kwa msomaji wa kawaida. Igawe vikao vitatu: kurasa 80 za mwanzo taratibu, kisha mpaka kama ukurasa wa 200, na theluthi ya mwisho kwa mkao mmoja. Ukiivuta wiki tatu, ile glavu umeshaisahau. Mara nyingi mgeuko mmoja wa hadithi huja katikati na mwingine katika sehemu ya tano ya mwisho, kwa hiyo mhalifu akikamatwa kurasa 80 kabla ya mwisho, huyo ni chambo. Ndiyo maana kwenye kisomeo, kile kifaa cha kusomea vitabu vya kielektroniki, ni vizuri kuficha asilimia ya ulipofikia. Namba ile inakunong'oneza. Maneno ya jalada la nyuma usiyasome. Kitabu cha kusikiliza kiache kwa mara ya pili, maana kurudi kutafuta sentensi moja ni taabu.

Malalamiko halali yapo, siyakatai. Mwaka 1929 padri Mwingereza Ronald Knox aliandika amri kumi za riwaya ya upelelezi, na mbili zinafaa hata huku: mhalifu awe ametajwa mapema, na pacha wasizuke bila msomaji kuandaliwa. Mwandishi akizivunja, mlaumu kwa haki. Lakini kwanza thibitisha kwamba kazivunja. Watu wanakimbilia kuandika "mwisho mbovu" kabla hawajafungua tena ukurasa wa kwanza, na huo ni uvivu, tusiupambe jina.

Uthibitisho unachukua nusu saa. Siku hiyohiyo ulipomaliza, majina yakiwa bado moto kichwani, rudia dibaji, sura ya kwanza na sura ya watu kufika mahali pale. Shika penseli, upige mstari chini ya kila sentensi ambayo sasa ina maana mbili. Ukipata tano au sita, mwandishi alikuwa anakuambia muda wote. Usipopata hata moja, mgeuko ulibandikwa mwishoni, na hapo nitakuunga mkono.

Rafiki yangu wa nyumba ya mlimani aanze na zile kurasa mbili alizoziruka. Kisha aniandikie tena.