Starlet ya marehemu iliyokaa miaka sita: anza chini, rangi iache mwisho

Ndugu yangu wa Wete, waalaykum salaam. Nimekuelewa hivi: gari ni Toyota Starlet, toleo la EP82, ya marehemu ami yako, Allah amrehemu, imekaa chini ya mwembe miaka sita, na mfukoni una milioni mbili na nusu. Fundi rangi anataka aipige rangi kwanza "ipate uhai", na fundi injini anakwambia uagize injini ya mtumba kutoka Dar. Unauliza umsikilize yupi. Kwa sasa usimsikilize hata mmoja. Chukua tochi na bisibisi, ulale chini ya gari.

Mimi nilianza na rangi. Yangu ni EP82 kama yako, niliinunua Novemba 2017 kwa milioni moja na laki mbili, ilikuwa imekaa uani kwa mtu Bububu miaka minne, mita chache tu kutoka pwani. Januari nikampa fundi laki nne na nusu akaipiga nyeupe. Ikatoka inameta, majirani wakanipongeza. Masika yalipoingia, chini ya mlango wa dereva pakaota vipele, kimoja, viwili, kisha mstari mzima. Mwezi wa Mei nikakigusa kimoja kwa ncha ya bisibisi, ikaingia mpaka kwenye mpini. Nilipoivuta likatoka pande la puti, ile dawa ya kusawazishia bodi kabla ya rangi, nene kama kidole gumba, na nyuma yake hapakuwa na bati kabisa. Palikuwa na gazeti. Fundi alikuwa amejaza gazeti kwenye tundu, akapaka puti juu, akapiga msasa na rangi. Laki nne na nusu ikaenda hivyo, na bodi ikaoza zaidi kwa sababu lile gazeti lilikuwa linanyonya maji.

Kwa hiyo kabla ya shilingi ya kwanza, jua bodi imesimama wapi. Injini ya gari hizi inapatikana, giaboksi inapatikana, bodi ndiyo haiuzwi dukani. Ng'oa viti vya mbele, boliti nne kila kimoja, kisha kunja zulia lote mpaka uione sakafu. Ukisikia harufu ya ukumbi uliofungwa msimu mzima, ujue maji yanaingia. Gonga sakafu kwa mpini wa bisibisi kila shubiri moja. Bati zima linalia, bati lililooza linajibu kama kadibodi. Halafu nenda kwenye vizingiti, ule ukingo wa chini unaoukanyaga unapopanda, uchome kwa ncha bila huruma. Angalia pale jeki inapokaa. Mwisho fungua boneti, utazame zile kofia mbili ambazo shokapu za mbele zimefungwa kwa juu, na chini ya gari utazame pale mikono ya vyuma inayoshika magurudumu ya nyuma ilipoungana na bodi. Sakafu na vizingiti vinachomelewa. Kofia za shokapu zikiwa zimeliwa pande zote, hesabu inabadilika, nitaisema mwisho.

Mwembe nao una lake. Majani yanajikusanya chini ya kioo cha mbele, pale waipa zinapokaa, yanaoza yakawa udongo na kuziba vitundu vya kutolea maji. Maji yakikosa njia yanaingia ndani, chini ya dashibodi, mpaka kwenye zulia. Kwenye milango, kwa chini, kuna vitundu vidogo vinavyoziba vivyo hivyo. Vizibue kwa waya leo hii, hata kama hujaamua lolote. Mimi nilitoa udongo wa kujaza kopo zima la maziwa ya unga.

Kuchomelea kuna ukweli mmoja ambao mafundi wengi wanaukwepa kwa sababu unachosha: lazima ukate mpaka ufike kwenye bati safi. Tundu la ukubwa wa sarafu, ukilikata vizuri, litakuwa ukubwa wa kiganja. Fundi akikwambia atabandika bati jipya juu ya kutu ili "lisikatwe sana", mshukuru uondoke. Kutu linabaki katikati ya mabati mawili, na hewa yetu hii ya chumvi hailiachi lipumzike. Niliyempata mara ya pili alikuwa mzee mmoja wa Mwanakwerekwe, taratibu mno, siku nne kwa kizingiti kimoja. Alikata, akasugua kwa grenda na brashi ya waya, akapima bati kwa karatasi ya boksi kwanza, akachomelea kwa vituo vifupi vifupi ili lisipinde kwa moto. Akishamaliza alipaka prima ya kuzuia kutu mara mbili, na mimi nikamimina ndani ya kizingiti grisi niliyoiyeyusha pamoja na oili mpya. Laki tatu na themanini kazi yote, na mpaka leo nikigonga pale panalia.

Sasa karatasi, kwa ufupi lakini usiipuuze. Gari ya marehemu ni mirathi. Kama kadi bado ina jina la ami yako, warithi wakubaliane kwanza nani anaichukua na kwa thamani gani ya hivi ilivyo leo, mbovu, na liandikwe. Kama mirathi inapitia Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana, gari itajwe humo. Waulize na ZRA, Mamlaka ya Mapato Zanzibar, kama kuna deni lililolimbikizwa kwenye namba yake. Ukitia milioni mbili halafu gari ikapendeza, ndipo utakapogundua kuwa una binamu wengi. Nimeona ndugu wa tumbo moja wakiacha kusalimiana kwa gari isiyofika milioni tatu.

Bodi ikikubali, kinachofuata ni breki. Si injini. Gari isiyowaka haimuui mtu. EP82 ina diski mbele na dramu nyuma. Miaka sita ya kusimama, silinda ndogo za kwenye magurudumu ya nyuma zitakuwa zimekamata, na mafuta ya breki yatakuwa yameshavuta unyevu, maana ndiyo tabia yake hata gari isipotembea. Nunua raba mpya, au silinda nzima kama ndani imeshika vidonda, na paipu za mpira zote za mbele na nyuma. Usibakishe hata moja ya zamani.

Kutoa upepo kwenye paipu za breki nilifanya mwenyewe na mtoto wa dada yangu, alikuwa na miaka kumi na nne. Yeye kwenye kiti, mimi chini na spana na mpira mwembamba uliozama kwenye chupa. Tulianza gurudumu la nyuma kushoto, lililo mbali kuliko yote na masta silinda, ile pampu ya breki iliyo mbele ya dereva, kwa kuwa usukani wetu uko kulia. "Kanyaga." Nafungua robo mzunguko. "Shikilia hapo hapo." Nafunga. "Haya, achia." Yaliyotoka mwanzo yalikuwa meusi kama kahawa ya Jaws Corner, na machicha yake chini. Yakafuata mapovu, kisha mapovu machache, na baada ya kama kopo zima yakawa rangi ya asali nyepesi, pedali ikasimama ngumu chini ya mguu wake. Yule mtoto alicheka kwa furaha, akaikanyaga tena na tena aisikie. Kuwa macho kopo la mafuta ya breki lililo juu ya masta silinda lisikauke wakati mnafanya hivyo, likikauka unavuta upepo upya na kuanza mwanzo. Breki zote zilinila laki tatu na elfu kumi.

Injini: huyo anayetaka uagize ya mtumba hajafungua hata plagi, sasa amejuaje kuwa hiyo imekufa? 4E, ndiyo iliyomo kwenye EP82, ni injini ya sentimita za ujazo 1331, ngumu, isiyo na mambo mengi. Na wewe tafadhali usikimbilie kuifungia betri na kupiga stata. Baada ya miaka sita kuta za silinda ni kavu, ukiizungusha kwa nguvu unazikwaruza. Toa plagi nne, mimina kijiko kimoja cha oili safi kwenye kila tundu, iache siku mbili. Kisha weka spana kwenye boliti ya puli, uizungushe kwa mkono, taratibu, kama unafungua kifuniko cha chupa ya dawa. Ikigoma usilazimishe, ongeza oili usubiri tena. Ikizunguka mizunguko miwili mizima bila kukwama, una injini.

Petroli ya zamani mwaga yote. Ile yangu ilinuka kama vanishi, na chini ya tangi palikuwa na ute wa kahawia. Filta ya petroli mpya, oili mpya na filta yake. Fungua boksi la filta ya hewa kabla hujawasha, maana kwangu panya alizalia humo na kutandika pamba ya kiti. Mkanda wa taiming badilisha bila kuutazama sura, mpira unakufa kwa umri hata usipotembea. Ikishawaka ndipo upime kompresheni, yaani mbano wa hewa ndani ya kila silinda. Namba zenyewe si hoja sana kama kulingana kwake: silinda nne zikikaribiana, endelea na injini yako. Moja ikiwa chini mno ya wenzake, hapo ndipo mazungumzo ya injini nyengine yaanze, na hata hapo huenda ni vavu tu.

Kupoza injini ni pahala ambapo gari zetu za visiwani zinauliwa kimya kimya. Tunajaza rejeta maji ya kisima, na visima vyetu vingi viko kwenye mawe ya matumbawe, maji yake mazito kwa chokaa, vya pwani vina na chumvi. Chokaa ile ile unayoiona kwenye birika la chai inajenga ndani ya rejeta mpaka vijia vinaziba. Kabla sijaitoa rejeta yangu, nusu ya chini ilikuwa baridi hata injini ikichemka, maana yake maji hayapiti. Niliweka nyengine, paipu mpya juu na chini, na pampu ya maji. Tena nikakuta themostati, ile vavu inayozuia maji mpaka injini ipate joto, haipo, fundi wa zamani aliing'oa "kwa sababu ya joto la huku". Irudishe. Bila hiyo injini haifiki joto lake, inakula petroli na kujila yenyewe, na ugonjwa wa rejeta unafichika mpaka siku ya kupanda kilima umebeba watu. Tia kulanti, maji maalumu ya kupozea injini. Kama unachanganya mwenyewe, tumia maji ya mvua uliyoyakinga baada ya paa kuoshwa vizuri, uyachuje kwa kitambaa. Hapo, pamoja na mkanda wa taiming, nilitumia laki nne na elfu ishirini, na sijutii hata senti.

Umeme wangu ulinifunza subira. Stata ilikuwa inanguruma kinyonge, nikaambiwa stata imekwisha, elfu themanini. Nikafuata waya mnene wa betri unaoshika bodi, nikaukuta umeota ukungu wa kijani pale ulipofungwa. Nikafungua, nikasugua kwa msasa mpaka shaba ikang'aa na bati likang'aa, nikafunga nikapaka grisi. Stata ile ile inafanya kazi mpaka leo. Taa hafifu, honi inayokohoa, geji zinazochezacheza, mara nyingi ni hapo. Betri mpya ilikuwa laki moja na sitini.

Tairi usizihukumu kwa meno. Soma tarakimu nne ubavuni: 3521 maana yake wiki ya 35 ya mwaka 2021. Hizo zilizo juu ya gari sasa, hata zikiwa na meno kama mpya, zimekauka, usizipandie. Nilinunua nne za ringi 13 kwa laki tatu na elfu ishirini. Bushi, bolijointi na vikorokoro vyengine, laki mbili na tisini.

Ukijumlisha utapata milioni moja, laki nane na elfu themanini. Ndiyo gari inayotembea, inayosimama, isiyochemka, ila ina mabaka ya prima kama ng'ombe. Niliiendesha hivyo miezi minane, watu wakisema watakavyo, na nikafurahi kwa sababu kila nilipoona kiunganishi kimevuja au kutu limenichungulia nilishughulika bila kuogopa kuharibu rangi. Rangi ya pili, ya kweli, laki tano na nusu. Jumla milioni 2.43, ukiacha ile ya mwanzo niliyoitupa. Bei ni za miaka ile, na Pemba ongeza nauli ya boti, kwa hiyo rangi yako huenda ikangoja mwaka. Iache ingoje.

Vipuri: piga picha kibati cha namba kilichomo chini ya boneti na picha ya kile cha zamani kilichotoka, utume kwa muuzaji kabla ya pesa. Mwambie kama petroli ya yako inaingia kwa kabureta au kwa nozeli, maana EP82 zimo za aina zote mbili. Ukikosa cha Starlet uliza cha Corolla II, Corsa au Tercel zenye injini hiyo hiyo ya 4E, mengi ya injini yanaingiliana. Muuzaji wa Gerezani, Kariakoo, Dar, akikufungia vizuri asubuhi, boti inaleta, wewe unangoja tu ile inayoshuka bandari ya Mkoani, huko Pemba.

Na kama ukikuta kofia za shokapu zimeliwa, usimwage pesa. Izungushe injini kwa mkono kama nilivyosema, itoe pamoja na giaboksi, uza na milango na taa kwa wenye Starlet, utapata kianzio cha kununua nyengine yenye bodi nzima na injini mbovu. Hiyo ndiyo ya kuifanyia kazi.

Kabla ya masika isukume itoke chini ya mwembe, iweke juu ya matofali pahala penye upepo, madirisha wazi kidogo, zulia lianikwe juani. Ukishachoma vizingiti nieleze bisibisi imeingia wapi na wapi, pande zote mbili.